Tiketi Huanzia Steji: Historia Fupi ya Bembea Zinazochelewa

Wasee, wikendi iliyopita mbogi yetu ilikaribia kuvunjika juu ya bembea. Si deni, si siasa, ni bembea.

Iko hivi. Likizo ya Aprili tulichanga pesa, tukatoka Umoja tukaenda sehemu fulani ya michezo upande ule mwingine wa tao. Jina sitaji. Tulisikia kuna mashine mpya, ile ya kukurusha juu mpaka roho inabaki nyuma. Kufika tukaipata imefunikwa turubai, na bango mbele yake likisema inakuja hivi karibuni. Tukavumilia. Agosti tukarudi. Turubai ni lile lile, bango ni lile lile, kitu kipya kilikuwa bei ya getini tu.

Sasa Desemba inabisha hodi na mbogi imegawanyika. Brayo anasema huo ni wizi wa mchana, hatoi hata bob. Shiru anasema tunalialia bure, hulipii mashine moja, unalipia siku nzima ya kusahau shida za kejani. Mimi niliwaskiza nikaona wote wako sawa nusu. Nikaenda kusoma. Kumbe huu ubishi una zaidi ya miaka 130.

Twende Chicago, 1893. Kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, na waandaaji walitaka kitu cha kuwapiku Wafaransa, ambao 1889 walikuwa wamejenga mnara wa Eiffel. Mhandisi mmoja, George Ferris, akasema yeye atajenga gurudumu la chuma la kubeba watu. Wengi walimwona ni mwenda wazimu. Maonyesho yalifunguliwa tarehe 1 Mei. Gurudumu je? Halikuwa tayari. Watu walilipa senti 50 getini wakaingia wakaona chuma nusu nusu. Lilifunguliwa tarehe 21 Juni, wiki saba baadaye.

Na si eti ukishaingia unapanda bure. Kulipanda kulikuwa senti 50 nyingine, bei ile ile ya kuingia maonyesho yote. Brayo angeanguka hapo hapo. Lakini watu karibu milioni 1.4 walilipa. Kwa nini? Kwa sababu kitu chenyewe kilikuja, na kilikuwa kile walichoahidiwa. Urefu kama mita 80, vibanda 36, kila kimoja kikibeba watu 60. Kwa tiketi moja ulizungushwa mara mbili: mzunguko wa kwanza ukisimama simama watu wakipanda na kushuka, wa pili bila kusimama. Mtu aliyezaliwa kwa nyumba ya chini aliona mji wake kutoka juu kwa mara ya kwanza. Hiyo kuchelewa ilisamehewa.

Aliyeumia ni Ferris mwenyewe. Aliingia kwa vita vya pesa na madeni, akafa 1896 akiwa na miaka 37. Gurudumu likalipuliwa na baruti 1906 likauzwa kama vyuma chakavu. Kwa hivyo ukiona mashine imechelewa, usidhani kila mara kuna mtu anakucheka ofisini. Hizi vitu ni ghali, na zikiharakishwa zinaua. Hapo niko na Shiru.

Lakini sasa kuna George Tilyou, na hapa ndipo Brayo anapata haki yake. Tilyou alikuwa mfanyabiashara wa Coney Island, ufuo wa New York. Alienda Chicago akalitamani gurudumu la Ferris, akajaribu kulinunua, akakosa. Akaagiza lingine dogo zaidi. Kabla halijafika, akasimamisha bango kwamba hapo ndipo patajengwa gurudumu kubwa kuliko yote duniani. Si kweli, na alijua. Bango peke yake likaleta watu.

Huyo jamaa hakuwa na aibu. Mwaka 1907 bustani yake ya Steeplechase iliteketea. Kesho yake akaweka bango lingine: kuingia kutazama majivu ni senti 10. Na watu wakalipa! Kwa hivyo yule wa bango la hivi karibuni hakuvumbua kitu. Bango nalo ni bidhaa. Ukienda kwa sababu ya bango, umeshainunua.

Kuhusu namna ya kulipa, hata Disneyland walihangaika. Ilipofunguliwa Julai 1955 kule California, ulilipa getini, halafu kila mashine ukailipia kivyake. Miezi michache baadaye wakaleta vitabu vya tiketi zenye herufi, mashine kali zikiwa na herufi za juu. Mpaka 1982 ndipo wakaacha vitabu hivyo kabisa, wakabaki na tiketi moja ya siku nzima. Hii ya pili inaonekana tamu, lakini fikiria vizuri. Ukilipia mashine moja moja, ile iliyoharibika haili pesa yako. Ukilipia siku nzima, mashine ikiwa chini ya turubai ni wewe umeingia hasara, mwenyewe hajapoteza kitu. Ubishi wa mbogi yetu uko hapo tu.

Sasa kitu kilichonigusa zaidi. Mnajua Coney Island ilijaa watu wa kawaida lini? Si mashine mpya iliyowaleta. Ni mwaka 1920, treni ya mjini ilipoweza kukufikisha ufuoni kwa senti tano. Vibarua, wahamiaji, watoto wa mitaa ya kubanana, wote wakamiminika. Nauli ndiyo ilikuwa tiketi yenyewe.

Rudi Nairobi. Mimi nilipanda gurudumu langu la kwanza Uhuru Park, pale Luna Park. Jina lenyewe lilitoka Coney Island, ambako Luna Park ya kwanza ilifunguliwa 1903. Krismasi mathe alipika chapati usiku, akafunga kwa kontena, tukapanda mathree mpaka tao, tukatembea. Kuingia Uhuru Park ilikuwa bure. Ulikuwa na pesa, unapanda mashine au boti kwa lile bwawa. Huna, unakaa kwa nyasi unakula chapati yako unatazama wengine wakipiga nduru. Mwaka mmoja pesa ilitosha mtoto mmoja kupanda. Nikapanda mimi, sista akanishikia viatu. Hakuna mtu alisema siku imeharibika.

Na hiyo nyasi haikubaki pale kwa bahati. Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta 1969. Ilipofika 1989, chama tawala cha KANU kilitaka kusimamisha hapo jengo la ghorofa 60. Wangari Maathai akaandika barua, akatukanwa hadi bungeni, hakurudi nyuma. Jengo halikujengwa. Bila yeye, ile Krismasi yangu ingekuwa maegesho ya magari ya mtu.

Halafu 2021 bustani ikafungwa ikarabatiwe. NMS walioanza hiyo kazi walimaliza muda wao 2022 na kuacha kaunti iendelee nayo, watu wakiwa bado hawajarudi kukaa kwa nyasi kama zamani. Hiyo ndiyo kuchelewa inayoniuma mimi. Mashine ikichelewa, nimekosa dakika tano za kupiga kelele. Bustani ya bure ikichelewa, mtoto anakua. Broo yangu mdogo ako na miaka tisa. Zile Krismasi anazijua kwa hadithi za mathe tu.

Upande mwingine, Februari 2017 Two Rivers ilifunguliwa kule Limuru Road, na gurudumu lake kubwa, Eye of Kenya. Ni kitu safi, sikatai. Lakini angalia ramani. Gurudumu limehama kutoka katikati ya mji, ambako gari zote za Eastlands hufika, likaenda upande wa Runda na Ruaka. Kutoka Umoja ni magari mawili kwenda, mawili kurudi. Safari yetu ya Agosti, nauli peke yake ilikula soo tatu na kitu kwa kila mtu kabla hatujaona geti. Mtu wa Runda akisema tiketi ni bei poa, yeye anahesabu kuanzia getini. Sisi tunahesabu kuanzia steji.

Na si eti mtaa haukuwahi kufikiriwa. Kaloleni ilipojengwa miaka ya 1940 iliwekewa uwanja na ukumbi katikati, nyumba zikauzunguka. Mitaa iliyofuata, nafasi nyingi za wazi zimegeuka maghorofa. Sasa likizo ikifika tunangoja yule jamaa wa bembea ya kuzungusha kwa mkono na yale majumba ya upepo ya kurukia, anakodi pembe ya uwanja, mtoto analipa bob chache. Hana bango. Akisema yuko, yuko.

Kwa hivyo hukumu yangu kwa mbogi ni hii. Shiru, uko sawa, kuchelewa si dhambi, hata Ferris alichelewa. Brayo, uko sawa pia: bango bila tarehe ni ya Tilyou, na bei haipandi mashine ikiwa chini ya turubai. Kabla ya kuchanga tena tupige simu tuulize maswali mawili. Inafanya kazi leo? Naweza kulipia moja moja? Wakizunguka zunguka na jibu, tunabaki mtaani.

Mimi Desemba hii nimeshaamua. Pesa yangu namnunulia broo raundi kumi kwa ile bembea ya mkono, na mathe amekubali kupika chapati. Tutakaa penye tutapata nyasi. Lakini siachi kuuliza ile ya Uhuru Park, na wewe usiache. Huyu wa miaka tisa, kesho kutwa atakuwa na kumi.