Jaruba Lisilowezekana

Chukua kamba ya mita 20. Nenda nayo kwenye majaruba ya Rujewa, izungushe kwenye vigingi vinne upate mstatili. Je, unaweza kuzungushia jaruba lenye eneo la mita za mraba 21? Unaweza: upande mmoja mita 3, mwingine mita 7. La mita za mraba 25 je? Unaweza pia, ila kwa namna moja tu, kila upande mita 5. Na la mita za mraba 40? Hapo hata ukihamisha vigingi mpaka jua lizame, hulipati.

Ndiyo habari yote ya mlinganyo wa kwadrati na idadi ya majibu yake. Mawili, moja, au hakuna. Najua wapenzi wa fasihi wengi tulikimbilia HKL ili tusionane tena na hesabu, lakini nivumilieni kidogo, maana hadithi hii ni ya maneno kuliko ya namba.

Wababeli walikokotoa hesabu za aina hii karne nyingi kabla ya Kristo, na Brahmagupta wa India alizitolea kanuni mwaka 628. Lakini aliyekaa chini akazipanga kwa aina zake, akasema ipi ina majibu na ipi haina, ni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Aliandika kitabu chake Baghdad, enzi za khalifa al-Ma'mun aliyetawala kati ya 813 na 833. Mfano wake mmoja ni huu huu wa kamba yetu: mraba wa kitu, ukiuongezea 21, unakuwa sawa na kitu hicho mara kumi. Anasema gawanya ile kumi nusu, upate tano. Izidishe tano kwa tano, 25. Toa 21, inabaki nne. Kipeuo chake cha pili ni mbili. Ukiitoa mbili kwenye tano unapata tatu, ukiiongeza unapata saba. Jaribu kwa kuongeza, anasema, na kama haikufai, kutoa kutakufaa.

Halafu anaongeza sentensi mbili ambazo kwangu ndizo utamu wenyewe. Kama ile 25 ni ndogo kuliko namba unayotaka kutoa, swali haliwezekani. Kama zimelingana, jibu ni ile nusu yenyewe, bila kuongeza wala kupunguza. Ndiyo hivyo. Amemaliza. Hakuna x, hakuna alama ya kutoa, hakuna hata tarakimu. Namba zenyewe kaziandika kwa maneno. Ni nathari tupu, ya mtu anayemwelekeza jirani.

Na alikuwa anamwelekeza jirani kweli. Kwenye utangulizi anaeleza kwamba kitabu ni cha watu wenye shida za mirathi, wosia, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Kuchimba mifereji! Mtu wa Usangu akisoma hapo anacheka, maana huku bila mfereji hakuna mpunga, na bila mpunga sijui tungekuwa nani. Kilimo cha mpunga wa kumwagilia katika bonde hili kinahusishwa sana na Mabulushi, watu wenye asili ya Baluchistan waliohamia na kukaa Rujewa. Miaka ya 1970 likajengwa shamba kubwa la Mbarali kwa msaada wa Wachina. Maji, ardhi na vipimo ni mazungumzo ya kila siku hapa. Ugomvi wa mpaka wa jaruba unaweza kumaliza undugu.

Sasa angalia maneno. Hesabu ni neno la Kiarabu. Sita, saba, tisa, ishirini, mia, elfu, sifuri, vivyo hivyo. Mirathi na wosia pia. Yaani sehemu kubwa ya msamiati wa al-Khwarizmi ilishafika pwani kwa majahazi na ikapanda mpaka Usangu bila kuomba kibali cha mtu. Lakini neno lililotoka kwenye jina la kitabu chake, al-jabr, lilipita njia ndefu. Mwaka 1145 Mwingereza Robert wa Chester, akiwa Segovia nchini Hispania, alikitafsiri kitabu kwa Kilatini. Ulaya wakalichukua neno, wakalikuza, na sisi tukaletewa na shule ya mkoloni likiitwa aljebra, limevaa suti.

Huko Ulaya swali la jaruba lisilowezekana lilipata maisha ya pili. Mwaka 1545 Girolamo Cardano wa Italia alichapisha kitabu ambamo anataka kuigawa kumi katika sehemu mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 40. Ndiyo kamba yetu ya mita 20, na ndilo jaruba letu la mita za mraba 40. Al-Khwarizmi angemwambia mzee, achana nayo. Cardano hakuachana nayo. Aliandika jibu lenye kipeuo cha pili cha hasi 15, akaona linafuata kanuni vizuri kabisa, kisha akasema ni ujanja usio na faida. Miaka 92 baadaye Descartes akaziita namba za namna hiyo za kufikirika. Ndiyo sababu leo lazima tuseme majibu halisi. Bila hilo neno halisi, Cardano anaingia mlangoni na majibu yake mawili.

Jina la kipimo chenyewe, diskriminanti, lilikuja mwaka 1851 kutoka kwa James Joseph Sylvester, Mwingereza aliyependa sana kubuni maneno na kuandika mashairi. Linatokana na kitenzi cha Kilatini cha kutenganisha. Mimi ningeliita kipambanuzi, wenye mamlaka ya istilahi wanisamehe.

Sisi Rujewa, kidato cha pili, tulikutana nalo kama wimbo. Bii skweya mainasi foo ei sii. Ikizidi sifuri majibu mawili, ikiwa sifuri moja, ikipungua hakuna. Lakini yote hayo kwa Kiingereza, na darasa zima tuliitikia kama kwaya. Mwalimu alikuwa mtu mwema, mwenye chaki kidogo na wanafunzi wengi. Nakumbuka aliposema kwamba mlinganyo fulani hauna jibu, tulidhani maana yake yeye hajalipata. Hakuna aliyeuliza kwa nini halipo. Kuuliza kungehitaji sentensi ya Kiingereza, na sentensi hiyo hatukuwa nayo. Wakati huo nje ya dirisha kulikuwa na majaruba.

Haya hayakuwa mapenzi ya Mungu. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, mtu wa Njombe, wakati huo ikiwa bado mkoa wa Iringa, ilitoa ripoti yake mwaka 1982 na kupendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali ilikataa sehemu hiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikafungua mlango tena kwa Kiswahili katika ngazi zote, na darasa la hesabu la sekondari za serikali likaendelea kwa Kiingereza. Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2020, 2021 na 2022, aliyefaulu hisabati alikuwa takriban mmoja kati ya watano. Sisemi lugha ndiyo sababu pekee. Walimu hawatoshi, vitabu hawagusani navyo. Ila mtu anayeniambia hesabu haitafsiriki, mimi namuuliza Robert wa Chester alikuwa anafanya nini Segovia.

Mwaka jana nilimpelekea baba mdogo swali la kamba. Ana majaruba yake upande wa mfereji na shule aliishia darasa la saba. La 21 alilipata kwa kuchora chini na kijiti. La 25 akaniambia hilo ndilo kubwa kuliko yote, kamba hiyo ikinyooka sana inakula eneo. Nilipomtajia 40 hakuchora kitu.

"Mwanangu, hiyo kamba fupi. Niongezee."

"Nikuongezee kiasi gani, baba?"

Akasema nipige mwenyewe, si ndiye niliyesoma. Nikapiga. Ili 40 iwezekane, nusu ya kamba ikigawanywa tena nusu na kuzidishwa kwa yenyewe lazima ifike 40, kwa hiyo kamba nzima iwe mita 25 na sentimita 30 hivi. Inahitaji nyongeza ya mita tano na ushee, na hapo jaruba litakuwa moja tu, la mraba, kila upande mita 6 na sentimita 32. Akatingisha kichwa akasema nimpe sita kamili, kamba ya katani huliwa na fundo.