Safari ya mchare hadi Kilimanjaro

Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, hakikamiliki bila mgomba. Chini ya majani yake mapana hustawi kahawa na magimbi, na mikungu ya mchare hushuka kila siku hadi masoko ya Moshi. Mchare ndio ndizi ya mtori: humenywa ikiwa mbichi, huchemshwa na nyama, kisha hupondwa mpaka mchuzi uwe mzito.

Hata hivyo, mgomba si mwenyeji wa Afrika. Huko Kuk, nyanda za juu za Papua Guinea Mpya, wanaakiolojia wamepata ushahidi wa kilimo cha migomba cha miaka karibu 7,000 iliyopita. Ndizi za kuliwa hazina mbegu za kupanda. Kila chipukizi lazima libebwe na mtu. Ndiyo maana wataalamu hufuata nyayo za wabebaji katika lugha zao.

Kwa jina la ndizi, Kongo husikika makondo, Buhaya ebitoke na Uganda matoke. Mashariki, Mkikuyu husema marigu na Mkamba maiu. Tofauti hizo zinaonyesha kwamba ndizi haikuenea barani kwa njia moja.

Vinasaba vimeongeza ushahidi. Mchare una undugu wa karibu na mlali, ndizi ya Komoro na Zanzibar, jambo linaloelekeza kwenye safari za Bahari ya Hindi. Jamii hiyohiyo ya mlali ilichangia uzazi wa Cavendish, ndizi inayotawala biashara ya dunia leo.