Forodhani baada ya meli kuondoka

Pembe za ndovu zilizovuka Ugogo katika karne ya 19 ziliishia Forodhani, Unguja. Misafara kutoka Unyanyembe ililipa hongo kwa watemi wa Kigogo ili ipewe njia na maji, ikapita Mpwapwa, ikateremka hadi Bagamoyo, na majahazi yakauvusha mzigo hadi kwenye forodha ya Sultani. Kwa hiyo hata sisi wa Nzuguni, Dodoma, katika Ugogo huo usio na bahari, inatuhusu kujua ufukwe ule ulifanywa nini meli zilipouhama.

Forodha ile ilikodishwa kwa matajiri, na mmoja wao alikuwa Tharia Topan. Ushuru ulitozwa kwa pembe, kwa karafuu na, hadi mkataba wa 1873, kwa binadamu. Jambo hilo lisifunikwe na maua ya bustani. Mwaka 1905 ikaongezeka reli ya Bububu, iliyoanzia jirani na Ngome Kongwe, hapo hapo Forodhani. Kisha, miaka ya 1920, bandari mpya ikajengwa Malindi ya Unguja na mabanda ya Forodhani yakakosa kazi. Mahali pale pa thamani kubwa pangeweza kugawiwa matajiri. Badala yake, mwaka 1936, pakawa bustani ya watu wote, kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Harub. Kwangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote yaliyofuata.

Bustani nayo ilichakaa. Ukuta wa bahari ukaliwa na mawimbi. Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ilikuwa tayari imelikarabati, miaka ya 1990, jengo la Dispensari ya Ithnasheri ambalo Topan alianza kulijenga 1887, na kulipatia kazi mpya. Ikaigeukia Forodhani: ukuta, mitaro, taa, miti, uwanja wa watoto. Bustani ilifunguliwa tena Julai 2009, na wauza mishkaki, urojo na juisi ya miwa wakarudi na meza zao. Bila wao ufukwe ungekuwa safi lakini mtupu. Ng'ambo ya barabara, jumba la Beit al Ajaib liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Ukarabati ukichelewa, watu hulipa kwa roho zao.

Kama meli zilivyohama Forodhani, Dodoma nayo usafiri wake unahama. Nzuguni tumepata stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai, na tangu 2024 abiria wa Dar es Salaam wanapanda treni ya reli ya kisasa (SGR). Stesheni ya zamani ya Reli ya Kati ingali katikati ya mji, na wanaoishi kwa wasafiri wake ni mama lishe, wauza karanga na waendesha bodaboda. Siku mipango ya eneo lile itakapochorwa, waitwe wao kwanza, kabla mwekezaji hajaonyeshwa ramani.