Fedha ya 925 na fantezi: kile ambacho mababu walijua kuhusu bangili

Katika Kiswahili, neno fedha ni jina la madini meupe na pia ni jina la pesa. Kwa watu wa mashariki ya Congo jambo hilo halishangazi. Tangu zamani mali yao ilivaliwa shingoni, mkononi na mguuni.

Katika bonde la Upemba, Katanga, watafiti walichimba makaburi ya Sanga mwaka 1957 na 1958. Humo walikuta watu waliozikwa na mikufu na bangili za shaba, wengine tangu miaka zaidi ya 1000 iliyopita. Makaburi ya nyakati za baadaye yalikuwa na misalaba midogo ya shaba. Kadiri miaka ilivyopita, misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kulingana ukubwa, kwani ilikuwa imekuwa pesa. Shaba iliyochakaa haikutupwa: iliyeyushwa na kufuliwa upya.

Katika karne ya 19, misafara kutoka Zanzibar ilivuka ziwa Tanganyika mpaka Kasongo na Nyangwe, katika Maniema. Ilibeba waya wa shaba, vitambaa na ushanga wa kioo. Kule Ujiji ushanga ulinunua chakula sokoni. Lakini kila eneo lilikuwa na rangi yake. Mfanyabiashara aliyefika na rangi isiyopendwa alikwama na mizigo yake, hata kama alikuwa ameilipia pesa nyingi Zanzibar. Ushanga ulitegemea macho ya watu. Shaba ilikuwa na uzito wake.

Tofauti hiyo ndiyo iliyopo leo kati ya fedha ya 925 na mapambo ya fantezi. Fedha safi ni laini, hupinda haraka. Kwa hiyo katika sehemu 1000 huwekwa 925 za fedha, na 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Kipimo hicho ni cha zamani: mwaka 1300 mfalme Edward I wa Uingereza aliamuru vyombo vya fedha visipungue kipimo cha sarafu zake, na vigongwe alama ya kichwa cha chui.

Fedha ya 925 huwa nyeusi kwa hewa na jasho, lakini ikisuguliwa kwa kitambaa hung'aa tena. Ikivunjika, bado inauzwa kwa gramu. Fantezi ni madini ya bei ndogo yaliyopakwa rangi juu. Rangi ikiisha, hakuna anayeinunua tena. Nyingine zina nikeli, ambayo huwasha ngozi ya watu wengi, hasa masikioni.

Hata hivyo fantezi ina kazi yake. Mama aliye kambini anaweza kupendeza siku ya arusi kwa pesa kidogo, na ikipotea hakuna kilio. Hasara ni kulipa bei ya fedha na kupewa fantezi, halafu kuigundua siku ya kuuza ili watoto wale.

Alama ya 925 peke yake haitoshi, kwani hugongwa hata juu ya kitu cha bandia. Sumaku ikiivuta, si fedha. Isipoivuta bado si hakika, maana shaba pia haivutwi. Afadhali mfua fedha aipime kabla pesa haijatoka mkononi.