Sekunde 0.09

Kuna video moja ya mbio ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ni ya tarehe 25 Septemba 2000, Sydney, fainali ya mita 10,000 ya wanaume kwenye Olimpiki. Imebaki kama mita 250. Paul Tergat wetu anachomoka, anawapita wote, anaingia kona akiongoza. Mwisho naujua, lakini bado moyo hunidunda: leo ataweza. Haile Gebrselassie wa Ethiopia anamfikia hatua chache kabla ya mstari na kumpita. Haile 27:18.20. Tergat 27:18.29.

Sekunde 0.09, bana, baada ya mizunguko 25! Kwenye Olimpiki hiyo hiyo, fainali ya mita 100, Maurice Greene alimwacha Ato Boldon kwa sekunde 0.12. Yaani hata wale wa kufyatuka kama risasi waliachana zaidi.

Video hii nilianza kuitazama mwaka jana, wiki niliyokosa kazi. Kwenye usaili wa mwisho tulikuwa tumebaki wawili, mimi na rafiki yangu wa tangu chuo. Akachukuliwa yeye. Nilimwandikia neno moja, “Hongera”, nikazima simu. Alipopiga baadaye, sikushika. Nikajiambia eti niko bize. Miezi ikapita hivyo.

Basi nikaanza kumfuatilia Tergat, nione alifanya nini na sekunde zake.

Kwanza, Sydney haikuwa mara ya kwanza. Kwenye mita 10,000 za Mashindano ya Dunia ya 1995, Haile alipata dhahabu, Tergat shaba. Olimpiki ya Atlanta 1996: Haile wa kwanza, Tergat wa pili. Dunia 1997, hivyo hivyo. Dunia 1999, hivyo hivyo. Halafu Sydney. Mara tano, mgongo ni ule ule mbele yake. Mimi niliachwa mara moja tu nikakunja uso miezi.

Lakini ukiangalia upande wa pili unaona mtu ambaye hakukaa chini kulia. Kwenye mbio za nyika, Tergat alikuwa bingwa wa dunia mara tano mfululizo, 1995 hadi 1999. Mwaka 1996, kule Stellenbosch, Haile naye alikuwepo, akamaliza wa tano. Mwaka 1997, Haile aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwezi wa Julai. Agosti, Tergat akaichukua kule Brussels kwa 26:27.85. Juni iliyofuata Haile akairudisha kwake, 26:22.75. Walikuwa kama watu wawili wanaopandiana ngazi, huyu akipanda kidato kimoja, yule anaongeza kingine.

Kisha wakahamia marathoni. London 2002, Tergat hatimaye akamaliza mbele ya Haile. Lakini wee, maisha yana utani: Khalid Khannouchi wa Marekani akawashinda wote wawili na kuweka rekodi ya dunia. Tergat wa pili tena.

Mwaka 2003, Berlin, zamu yake ikafika: saa 2:04:55, rekodi ya dunia, mwanamume wa kwanza kushuka chini ya 2:05. Nyuma yake kwa sekunde moja alikuwa Mkenya mwenzake, Sammy Korir. Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Aliyekosa dhahabu kwa kunyimwa sekunde 0.09 sasa ndiye aliyemwacha mwenzake kwa nywele. Nadhani kushinda kwa heshima huanzia hapo: ukikumbuka ulivyowahi kuwa upande ule mwingine, huwezi kudhani sekunde moja imemfanya mwenzako kuwa bure.

Na rekodi hiyo ya Berlin, nani aliivunja mwaka 2007, Berlin hapo hapo? Haile, nani mwingine. Na bado wawili hao wamesema hadharani, mwaka baada ya mwaka, kwamba ni marafiki.

Tumelelewa na methali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Mara nyingi hutumiwa kumnyamazisha aliyeshindwa, kama vile kukubali ni kuinamisha kichwa na kutoweka. Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Kushinda unaweza peke yako, hata kushinda njaa. Kushindana huwezi, lazima muwe wawili. Bila Haile, Tergat angekimbia 26:27.85 akimfukuza nani? Na bila Tergat, Haile angeirudia rekodi yake kwa nini? Kukubali kushindwa, kwa hiyo, ni pamoja na kukubali kwamba aliyekupita ni sehemu ya mbio zako, si mwizi wa mbio zako.

Mimi nilikuwa nimemfanya rafiki yangu mwizi. Kazi ile haikuwa yangu kamwe. Ilikuwa ya mmoja wetu, tukaitafuta pamoja, hata maswali ya usaili tulifundishana usiku kucha. Jioni moja nikafunga video, nikampigia.

Akashika mlio wa kwanza. “Wewe! Umepotea!”

Ndivyo tunavyosalimiana mtaani, haina maana kubwa. Lakini siku hiyo nilijibu kwa maana yake yote: “Kweli, nilikuwa nimepotea. Niambie, kazi inaendaje?”