Bagamoyo, Mji wa Vyuo

Historia ya elimu ya juu nchini Tanzania inapoandikwa, sura ya kwanza huwa ya Dar es Salaam, ambako chuo kikuu kilianza mwaka 1961, na sura zinazofuata hupewa Morogoro na Dodoma. Bagamoyo, mji ulioko yapata kilomita 70 kaskazini, huachwa katika vitabu vya pembe za ndovu, biashara ya watumwa na makao ya mwanzo ya utawala wa Wajerumani. Mgawanyo huo wa kumbukumbu unaficha jambo moja kubwa, nalo ni kwamba kwa zaidi ya karne moja Bagamoyo umekuwa mji wa kufundishia, ingawa sehemu kubwa ya yaliyofundishwa humo haikuwa ya aina inayomalizikia katika shahada.

Neno lenyewe "chuo" linasaidia kueleza hali hiyo. Katika Kiswahili cha pwani, chuo kilikuwa kwanza kitabu, kisha kikawa mahali ambapo mwalimu huwasomesha watoto Kurani, na kutokana na maana hizo mjuzi wa elimu ya dini akaitwa mwanachuoni. Mwanachuoni aliyeutangaza zaidi mji huo alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, ambaye aliletwa pwani akiwa mtumwa kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, akasoma, akafikia daraja la khalifa, yaani kiongozi aliyeidhinishwa, wa Kadiria, ambayo ni tarika au njia mojawapo ya Kisufi. Hadi alipofariki mwaka 1931, wanafunzi walimfuata kutoka pwani na bara, na Bagamoyo ukawa miongoni mwa vitovu vikuu vya tarika hiyo katika Tanganyika.

Katika mji huohuo alipata elimu yake Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, na ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten, mtaalamu wa lugha Mjerumani, mwaka 1903. Bagamoyo, kwa hiyo, ulikwisha kumtoa mwalimu wa kufundisha katika taasisi ya juu ya Ulaya miongo sita kabla nchi haijawa na chuo kikuu chake.

Upande wa pili wa mji, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika kutoka Zanzibar mwaka 1868 walianzisha misheni iliyopokea watu waliokombolewa utumwani, ambako watoto walifundishwa dini na kusoma pamoja na kilimo, useremala na uhunzi. Mafunzo hayo yalikuwa ya kazi za mikono, tena chini ya nidhamu kali ya misheni, lakini ndiyo yaliyowatoa mafundi na makatekista waliofuatana na mapadre kufungua misheni za bara.

Taasisi iliyostahili kuutangaza mji huo katika zama za uhuru ni Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho chimbuko lake ni uamuzi wa Mwalimu Nyerere wa kuunda wizara ya utamaduni mwaka 1962. Chini ya sera hiyo viliundwa vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, kile cha sarakasi kikitokana na vijana waliopelekwa China kujifunza. Vikundi hivyo vilipovunjwa, chuo kilianzishwa mwaka 1981, na wasanii wake wengi wakageuka walimu.

Hapo ndipo palipo na upekee wa chuo hicho. Walimu wake wa mwanzo hawakuwa wote watu wa vyeti. Wengi walikuwa mafundi wa ngoma waliorithi ujuzi kwa wazee wao. Mfano mkubwa ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, bingwa wa zeze, yaani ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, na wa ilimba, ala ya vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Rekodi zake zilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World, na alipofariki mwaka 2003 alikuwa ameifanya Bagamoyo makazi yake na ya ukoo mzima wa wanamuziki. Ngoma ya Wagogo ilifundishwa kwa kijana wa Kihaya au Kimakonde kama somo la darasani, jambo lililokuwa geni, kwa kuwa ngoma kwa kawaida hufundishwa ndani ya jamii yake, katika mavuno, harusi au jando.

Tamasha la kila mwaka, lililoanza katika miaka ya mwanzo ya chuo, liliwapa wanafunzi hadhira ya kweli. Jumba la maonyesho lililojengwa kwa msaada wa Sweden liliungua mwaka 2002, likajengwa jingine, na mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali, yaani chombo cha umma chenye uhuru wa kujiendesha, kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa.

Pembeni mwake ziko taasisi zisizotajwa hata kidogo. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, uliotokana na chuo cha MANTEP, huwafunza uongozi walimu wakuu na wakuu wa shule, na Mbegani, kusini kidogo ya mji, hufundishwa uvuvi, kazi inayowalisha watu wa pwani hiyo.

Sababu ya vyuo hivi kusahauliwa haiko katika udogo wake, bali katika kipimo kinachotumika, kwa maana hadhi ya chuo hupimwa kwa shahada kinazotoa, ilhali Bagamoyo umefundisha zaidi ujuzi unaokaa katika mikono, sauti na miguu. Ujuzi wa namna hiyo huondoka na mwenyewe anapokufa, isipokuwa umepata mwanafunzi. Walimu wa kizazi cha mwaka 1981 wanazidi kupungua. Kuandika majina yao, ngoma walizofundisha na namna walivyozifundisha ni kazi ambayo watafiti wa historia ya elimu hawana budi kuifanya wakati waliobaki wangali hai.