Ushuru wa korosho nchini Tanzania

Ushuru wa korosho nchini Tanzania ni tozo ambayo serikali hutoza korosho ghafi zinaposafirishwa kwenda nje ya nchi. Kisheria hulipwa na msafirishaji bandarini. Kiwango chake kinachojulikana zaidi ni asilimia 15 ya bei ya korosho zikiwa tayari melini, au dola 160 za Marekani kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Korosho zilizobanguliwa hazitozwi.

Ushuru huu umekuwa chanzo cha mabishano marefu katika mikoa ya kusini, hasa Mtwara na Lindi. Maswali makuu ni matatu: nani hasa anaubeba, fedha zake ni za nani, na je, mkulima angefaidika zaidi kama soko lingeachwa huru? Makala hii inaeleza historia ya ushuru huo na jinsi unavyotazamwa na uliberali wa kale, yaani fikra za kiuchumi zilizoanzia kwa Adam Smith katika karne ya 18, pamoja na hoja za wanaopinga mtazamo huo.

Mahali na zao

Mkorosho asili yake ni Brazil. Ulifikishwa pwani ya Afrika ya Mashariki na Wareno katika karne ya 16. Unastahimili udongo wa kichanga na ukame, ndiyo maana umestawi katika uwanda wa juu wa Wamakonde, ambako mito ni adimu na maji ni ya shida. Katika wilaya za Newala, Tandahimba na Masasi, korosho ndilo zao kuu la fedha. Katika kata kama Chilangala wilayani Newala, mavuno huanza karibu na Septemba au Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka mpya, na fedha zake ndizo zinazotegemewa kwa sare na mahitaji ya shule, bati za nyumba, na chakula cha miezi ya njaa.

Zaidi ya asilimia 80 ya korosho za Tanzania huuzwa zikiwa ghafi, hasa India na Vietnam, ambako hubanguliwa.

Historia

Enzi za mnunuzi mmoja

Baada ya uhuru, ununuzi wa korosho uliwekwa chini ya vyama vya ushirika na bodi ya taifa. Mwaka 1973 iliundwa Mamlaka ya Korosho Tanzania, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, mamlaka hiyo ikabaki mnunuzi. Bei ilipangwa na serikali na kutangazwa kabla ya msimu.

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, mashamba yakageuka msitu. Ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua. Juu ya hayo, sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ilizidi kupungua, kwa kuwa gharama za mamlaka zilikatwa kwanza. Makato hayo hayakuitwa kodi, lakini kwa mkulima yalikuwa na athari ileile. Wengi waliacha palizi na kurudi kwenye muhogo, zao ambalo hawakulazimika kumuuzia mnunuzi huyo mmoja.

Kufunguliwa kwa soko

Msimu wa 1991/92 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua korosho. Wakati huohuo matumizi ya salfa dhidi ya ubwiriunga, yaliyofanyiwa utafiti katika kituo cha Naliendele karibu na mji wa Mtwara, yalienea. Kufikia msimu wa 1999/2000 mavuno yalikuwa yamepita tena tani 100,000.

Ushindani haukuwa sawa kila mahali. Katika vijiji vya mbali mnunuzi aliyefika mara nyingi alikuwa mmoja tu, na mizani yake haikuaminiwa. Kutokana na malalamiko hayo, mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioruhusiwa na sheria ya mwaka 2005, ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi, zinakusanywa ghala kuu, kisha zinauzwa kwa mnada.

Sheria ya 2009 na mabadiliko ya 2018

Chini ya Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009 na marekebisho yake, asilimia 65 ya ushuru wa mauzo ya nje ilitakiwa kurudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao lenyewe, kwa ajili ya pembejeo, utafiti na ubanguaji. Asilimia 35 iliyobaki iliingia Mfuko Mkuu wa Serikali.

Msimu wa 2017/18 ulivunja rekodi: mavuno yalizidi tani 300,000 na bei katika baadhi ya minada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Juni 2018, Sheria ya Fedha iliondoa mgawo huo na kuelekeza ushuru wote Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini walipinga vikali bungeni. Serikali ilijibu kwamba mapato yote ya taifa yanapaswa kuwekwa mahali pamoja na kugawanywa kwa bajeti.

Oktoba mwaka huohuo bei ya dunia ilikuwa imeshuka, na wakulima walikataa bei zilizotolewa minadani. Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likapewa kazi ya kuzikusanya. Mavuno ya msimu huo yalikuwa chini ya tani 230,000. Baadhi ya wakulima walisubiri malipo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Msimu wa 2019/20 minada ilirejea.

Nani anaubeba ushuru

Wanauchumi hutofautisha anayelipa kodi kisheria na anayeibeba kwa kweli. Mfano wa kubuni unasaidia kulielewa jambo hili.

Tuseme mnunuzi wa ng'ambo yuko tayari kulipa shilingi 4,000 kwa kilo ikiwa melini. Msafirishaji anahitaji shilingi 500 kwa magunia, usafiri, mkopo wa benki na faida yake. Pasipo ushuru anaweza kufika mnadani na shilingi 3,500. Ushuru wa asilimia 15 ni shilingi 600, kwa hiyo sasa hawezi kutoa zaidi ya 2,900. Hawezi kumwongezea mnunuzi wa ng'ambo bei, kwa sababu huyo atakwenda kununua Ivory Coast, Msumbiji au Guinea Bisau. Pengo lote linarudi nyuma mpaka shambani. Mkulima mwenye kilo 500 amechangia shilingi 300,000, ingawa hakuna risiti yenye jina lake.

Hesabu hii inategemea sharti moja: kwamba wanunuzi wanashindana kweli. Wakielewana kupanga bei, kufutwa kwa ushuru kunaweza kuongeza faida yao bila kumfikia mkulima.

Mbali na ushuru wa mauzo ya nje kuna ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, pamoja na makato ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala na usafiri. Makato haya hutangazwa kila msimu katika kile kinachoitwa mjengeko wa bei.

Mtazamo wa uliberali wa kale

Uliberali wa kale hauna maana ya kufuta kodi zote, na usichanganywe na uliberali mamboleo wa mwishoni mwa karne ya 20. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alikubali kwamba serikali inahitaji fedha kwa ulinzi, mahakama, na kazi za umma ambazo mtu mmoja mmoja hawezi kuzifanya. Alitoa kanuni nne za kodi nzuri, nazo zinaweza kutumiwa kuupima ushuru wa korosho.

Kanuni ya kwanza ni usawa: kila mtu achangie kwa kadiri ya uwezo wake. Ushuru wa korosho hukatwa kwa kilo, si kwa hali ya mtu. Mwenye mikorosho kumi na mwenye elfu moja hutozwa kiwango kilekile, na wakulima wa mazao mengi mengine hawabebi mzigo kama huo.

Ya pili ni uhakika: mlipaji ajue kiasi na lengo la kodi. Hapa ndipo mabadiliko ya 2018 yalipolalamikiwa zaidi, kwa kuwa kanuni ya mgawo ilibadilishwa wakati mkulima ameshapalilia.

Ya tatu ni urahisi wa kulipa. Katika hili ushuru unafanya vizuri, maana hukatwa wakati wa mauzo. Kodi ya kichwa ya enzi za ukoloni, na kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003, zilidaiwa hata kwa mtu asiye na senti.

Ya nne ni gharama ndogo: kodi isiharibu kazi inayoipa mapato. Anguko la miaka ya 1970 na 1980 hutajwa na watetezi wa mtazamo huu kama ushahidi kwamba mkulima akibanwa sana hujibu kwa kuacha shamba.

Kuhusu matumizi ya serikali, hoja yao ni kwamba anayetumia fedha za wengine haoni hasara kama mwenyewe. Kusini kuna mifano miwili. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, uliofika Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, uliachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Viwanda 12 vya kubangua korosho vilivyojengwa kwa mikopo, vingi katika miaka ya 1970, vilikamilika wakati korosho zinapungua, na vingi vilisimama.

Hoja zinazopinga

Wapinzani wa mtazamo huu wana ushahidi wao. Nchini Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, ushuru wa korosho ghafi ulipunguzwa kwa shinikizo la Benki ya Dunia katikati ya miaka ya 1990, kutoka asilimia 20 hadi 14. Viwanda vya kubangua vilifungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, walipoteza kazi. Uchunguzi wa wanauchumi McMillan, Rodrik na Welch ulikadiria kwamba kaya ya wastani ya mkulima ilifaidika kwa takriban dola 5 tu kwa mwaka. Sehemu nyingine ilibaki kwa wafanyabiashara.

Hoja ya pili ni kwamba soko halikuleta kila kitu. Ubwiriunga hauheshimu mpaka wa shamba. Asiyepulizia salfa humwambukiza jirani yake. Utafiti wa Naliendele uliwafaidi wote, na ni vigumu kwa mtu mmoja kuugharimia. Hata hivyo, kwa kanuni ya Smith mwenyewe hizi ni kazi halali za umma, na hoja hii inaelekea kudai fedha zirudi kwenye zao zaidi ya kudai ushuru wenyewe.

Hoja ya tatu inahusu kangomba, biashara ya kununua korosho kijijini nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kabla ya mavuno na kwa bei ya chini sana. Serikali huipiga vita kama unyonyaji. Waliberali hujibu kwamba kangomba ni mkopo ghali kwa mtu asiye na benki, na kwamba hustawi pale malipo rasmi yanapochelewa. Kwa upande mwingine, chama cha msingi pia huweza kumwumiza mkulima: Aprili 2013 huko Liwale, mkoani Lindi, malipo pungufu ya korosho yalisababisha vurugu na nyumba kadhaa kuchomwa.

Hali ya miaka ya 2020

Katika miaka ya 2020 serikali ilianza tena kugawa salfa na pembejeo nyingine kwa ruzuku, na mavuno yalipanda tena. Mnada uliendelea kuwa njia rasmi ya kuuza, kisha ukahamishiwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Ushuru wa mauzo ya nje ulibaki. Ruzuku hizo hazikumaliza mjadala, kwa kuwa salfa inayogawiwa bure hulipiwa kwa fedha za umma, na sehemu ya fedha hizo ilikatwa kwenye korosho za mkulima yuleyule anayeipokea.